Kupima kimo cha wingu kwa macho mawili ya setilaiti

Mvua inanyesha Mombasa, mabati yanalia Majengo na Kisauni, nawe umeshika simu ukiangalia picha ya setilaiti. Picha yaonyesha wingu zito liko baharini, mbali nje ya mlango wa Kilindini, na mji wenyewe uko wazi. Wengi wetu hapo husema picha ni ya zamani, au mtandao unasuasua. Huenda ikawa hivyo. Lakini kuna sababu nyingine isiyosemwa sana: huenda setilaiti iliyopiga picha hiyo haiko juu yetu. Iko magharibi, juu ya Ghuba ya Guinea, na inalitazama wingu letu kwa mshazari. Kilele cha wingu refu kikitazamwa kwa mshazari huonekana kimekaa mahali pengine kabisa.

Kosa hilo la kuonekana linaudhi, ila lina faida yake. Ukijua setilaiti iko wapi, na ukapata picha ya pili ya wingu lilelile kutoka setilaiti nyingine iliyo mahali tofauti, unaweza kulipima wingu: kimo chake, umbo lake, na ukipata picha mfululizo, kasi yake ya kukua. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, inapofaulu na inapokwama, na kwa nini mtu wa pwani ana haja nayo.

Kidole na mnara

Nyosha mkono wako mbele, simamisha kidole kimoja, kisha fumba jicho la kushoto. Angalia kidole kimekaa wapi ukilinganisha na mnara wa msikiti ulio mbali. Sasa fumbua la kushoto, ufumbe la kulia. Kidole kimehama, mnara umebaki pale pale. Kivute kidole karibu na pua urudie, kitahama zaidi. Huko kuhama wataalamu hukuita paralaksi. Mimi nitakuita mhamo, kwa sababu ndivyo kulivyo.

Akili yetu hufanya hesabu hiyo mchana kutwa bila kutuomba ruhusa. Ndiyo maana waweza kudaka embe linaloanguka. Lakini macho yetu yamepishana sentimita 6 hivi tu, na wingu likiwa kilomita 10 juu, umbali huo hautoshi kitu. Kwa hiyo watu waliongeza nafasi baina ya macho. Katika miaka ya 1880, kule Uppsala nchini Uswidi, Nils Ekholm na K. L. Hagström walisimama sehemu mbili wakiwa na vyombo vya kupimia pembe, kila mmoja akalenga sehemu ileile ya wingu, na kwa hesabu ya pembetatu wakapata kimo. Ilikuwa kazi ya subira, na jambo gumu zaidi ni kuhakikisha kwamba nyote wawili mnatazama sehemu ileile ya wingu. Ugumu huo haujaisha hadi leo, ingawa siku hizi kompyuta ndiyo inayohangaika nao.

Setilaiti zilipokuja, nafasi baina ya macho ikawa ya ajabu. Mwaka 1981 Frederick Hasler wa NASA alichapisha makala akionyesha kwamba setilaiti mbili za hali ya hewa za Marekani, moja ya mashariki na moja ya magharibi, zikipangwa kupiga picha kwa wakati mmoja, zinaweza kutoa vimo vya mawingu ya dhoruba bila kutegemea kipimo cha joto. Setilaiti hizo ni za aina iliyotulia: hukaa karibu kilomita 35,800 juu ya ikweta na kuzunguka sambamba na dunia, hivyo kwetu huonekana kama zimefungwa angani.

Hesabu ya wingu la Mombasa

Sisi tuna bahati ya mahali. Shirika la setilaiti za hali ya hewa la Ulaya, EUMETSAT, huweka Meteosat mojawapo kwenye longitudo ya nyuzi 0, ile ya Ghuba ya Guinea niliyoitaja. Tangu 1998 limekuwa pia likiweka setilaiti nyingine juu ya Bahari ya Hindi. Imehama-hama, na tangu 2022 zamu hiyo imeshikwa na Meteosat-9, kwenye nyuzi 45.5 mashariki. Mombasa iko karibu na nyuzi 39.7 mashariki. Yaani moja iko karibu juu ya vichwa vyetu, upande wa bahari kidogo, na nyingine inatuchungulia kutoka mbali. Baina yao kuna zaidi ya kilomita 32,000 kwa mstari ulionyooka. Hayo ni macho yaliyopishana vizuri.

Tufanye hesabu. Tuseme wingu la radi limesimama juu ya kisiwa cha Mombasa, na kilele chake kiko kilomita 15. Kwa Meteosat ya nyuzi 0, mstari wa kutazama unatufikia ukiwa umelala nyuzi 46 hivi kutoka wima. Kwa pembe hiyo, kila kilomita moja ya kimo humsukuma wingu kilomita moja na ushei kwenda mashariki katika picha. Basi kilele kitachorwa takriban kilomita 15 baharini, mahali ambapo mvuvi wa mtumbwi hathubutu kwenda. Kwa Meteosat-9 mstari umelala nyuzi 8 hivi tu, kwa hiyo kilele kitasogea kilomita 2 upande wa pili, kuelekea bara. Weka picha mbili pamoja: wingu moja, mahali pawili, tofauti ya karibu kilomita 17. Kwa kuwa pembe zote zajulikana, tofauti hiyo inarudisha jibu moja tu la kimo: kilomita 15.

Wingu dogo la kilomita 2 litahama kilomita 2 na kidogo. Hapo shida inaanza, maana alama moja ya picha, ile pikseli, katika vifaa vingi vya setilaiti hizi ina upana wa kilomita 3 pale chini ya setilaiti, na hupanuka kadiri utazamavyo pembeni. Mhamo mdogo kuliko pikseli hupimika kwa ujanja wa hesabu, lakini kwa mashaka. Kizazi kipya kina picha kali zaidi. Meteosat-12, iliyorushwa Desemba 2022, hupiga picha ya uso mzima wa dunia unaoonekana kila dakika 10 badala ya 15, na mikondo yake ya mwanga wa kawaida ina pikseli za kilomita 1.

Nitaje hapa jambo la matumizi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Kisiwa cha Mafia, ambako kilitua tarehe 4, simu zetu zilijaa picha za setilaiti zilizotumwa na kila mtu kwa kila mtu. Mafia iko karibu na longitudo ileile ya Mombasa, hivyo mawingu marefu ya huko nayo huchorwa kilomita 15 hivi mashariki yakipigwa kutoka nyuzi 0. Picha nyingi za kawaida hazijasahihishwa mhamo huo. Kwa anayetafuta kujua kama dhoruba iko India au Afrika, kilomita 15 si kitu. Kwa nahodha anayeuliza kama wingu liko ndani ya mwamba au nje, ni jambo lingine.

Kwa nini joto halitoshi

Msomaji aweza kuuliza: si vimo vya mawingu vilikuwa vikijulikana tangu zamani? Ndiyo, kwa njia ya joto. Hewa hupoa kadiri unavyopanda, kwa wastani nyuzi 6 au 7 za Selsiasi kwa kila kilomita. Setilaiti ina jicho la infraredi linalosoma joto la kilele cha wingu, usiku na mchana. Kilele kikiwa baridi mno, wingu linahesabiwa kuwa refu. Vimo vinavyotolewa kila siku vingi hutokana na njia hii, kwa sababu ni nyepesi na inahitaji jicho moja.

Ubaya wake ni kwamba haipimi kimo. Inapima joto, halafu inakisia kimo. Wingu jembamba la juu, lile linalofanana na unyoya, huruhusu joto la bahari lipenye, kwa hiyo husomeka lina joto zaidi na kuwekwa chini kuliko lilipo. Na kuna kasoro inayotugusa zaidi. Baadhi ya makadirio ya mvua barani Afrika huhesabu ni muda gani vilele vya mawingu vilikuwa baridi kupita kiwango fulani. Njia hiyo yafaa kwa dhoruba kubwa za bara. Lakini mvua za pwani, hasa zile manyunyu mazito ya alfajiri yanayoingia kutoka baharini wakati wa Kusi, mara nyingi hutoka mawingu mafupi ambayo vilele vyao havijafika hata kwenye baridi ya kugandisha maji. Katika hesabu ya joto, mawingu hayo ni kama hayapo. Watafiti wamelionyesha tatizo hili kwa pwani na kwa milima: setilaiti hupunguza mvua inayotoka mawingu ya joto. Mkulima wa Kwale ambaye shamba lake limelowa, na rekodi zinasema palikuwa pakavu, ameonewa na kipimo.

Njia ya macho mawili haijali joto. Inajali mahali tu. Ikionyesha wingu la kilomita 3, ni kilomita 3, liwe baridi au liwe moto. Haikuambii kama linanyesha, hilo ni kweli, ila haikufichi kuwapo kwake.

Siku ya Tonga

Mfano ulioshinda yote wa njia hii haukutoka kwenye dhoruba ya mvua. Tarehe 15 Januari 2022 volkeno ya chini ya bahari huko Tonga, Hunga Tonga–Hunga Ha'apai, ililipuka ikarusha juu wingu la mvuke na majivu. Swali la kwanza la kila mtaalamu lilikuwa: limefika wapi?

Kwa joto halikujibika. Hewa hupoa hadi kilomita 17 hivi katika nchi za joto, halafu mambo hugeuka: kutoka hapo inaanza kupata joto tena hadi karibu kilomita 50, kisha inapoa upya. Kwa hiyo joto moja lina majibu mawili au matatu ya kimo. Isitoshe, wingu linalopanda kwa nguvu kiasi kile halipati hata muda wa kulingana na joto la hewa inayolizunguka.

Ikatokea kwamba Tonga ilikuwa ikionekana na setilaiti tatu zilizotulia: GOES-17 ya Marekani upande wa mashariki, Himawari-8 ya Japani na GK-2A ya Korea Kusini upande wa magharibi, kila moja ikipiga picha za mara kwa mara. Watafiti wakiongozwa na Simon Proud wa Chuo Kikuu cha Oxford walipima mhamo wa kilele baina ya picha hizo na kupata kimo cha kilomita 57. Kundi jingine, la NASA, kwa njia ya namna hiyohiyo, lilipata 58. Ukilinganisha, mawingu makubwa ya radi kwetu huishia kilomita 15 hadi 18, na mlipuko wa Pinatubo wa 1991 nchini Ufilipino ulifika kama 40. Hapakuwahi kupimwa wingu la volkeno lililofika pale. Na halikupimwa kwa chombo kilichotengenezwa kwa ajili hiyo, bali kwa kamera za kawaida za hali ya hewa na hesabu ya pembetatu anayoijua mwanafunzi wa sekondari.

Kaskazi, Kusi na setilaiti inayopita

Njia ya pili ni kutumia setilaiti moja inayokwenda. Badala ya macho mawili kusimama mbali, jicho moja linapita, linatazama wingu likiwa mbele, likiwa chini yake, kisha likiwa nyuma. Chombo kilichofanya kazi hii kwa muda mrefu kuliko vyote kinaitwa MISR, kiko ndani ya setilaiti Terra ya NASA iliyorushwa Desemba 1999. Kilikusudiwa kudumu miaka 6, kikapita 20.

MISR ina kamera 9. Moja yatazama chini moja kwa moja, nne zatazama mbele na nne nyuma, kwa pembe zinazofika nyuzi 70.5. Kamera ya kwanza ikiliona wingu, ya mwisho italiona dakika 7 baadaye. Pikseli zake ni mita 275, na ukanda inaoufagia una upana wa kilomita 380 hivi. Njia yake ikikaa vizuri, ukanda huo unaweza kufunika pwani yetu yote kuanzia Kiunga hadi Vanga.

Ila katika dakika hizo 7 wingu halikai likikusubiri. Upepo unalibeba. Na hapa ndipo penye ugumu ninaoupenda kuliko yote katika somo hili, kwa sababu pepo zetu ndizo mfano wake mzuri.

Mchana, Terra hupita ikitoka kaskazini kwenda kusini. Kamera za mbele zinaliona wingu kwanza, na kwa kuwa zinatazama kusini, wingu refu huchorwa kusini kuliko lilipo. Kamera za nyuma zinaliona mwisho, nalo huchorwa kaskazini. Kwa hiyo katika mfululizo wa picha, wingu refu huonekana likisafiri kutoka kusini kwenda kaskazini, na kadiri lilivyo refu ndivyo linavyosafiri zaidi. Sasa fikiria Kusi inavuma. Nayo inalisukuma wingu kaskazini. Safari ya kweli na safari ya kuonekana zinajumlishana, na kompyuta isiyojua habari ya upepo itasema: wingu hili ni refu sana. Kaskazi ikivuma, wingu linasukumwa kusini, safari mbili zinapunguzana, na kompyuta itasema wingu ni fupi. Yaani Kusi hulipandisha wingu kwa uongo, na Kaskazi hulishusha.

Si kosa dogo. Ukitumia kamera ya wima na jirani yake ya nyuzi 26, kila mita 1 kwa sekunde ya upepo ulio katika njia ya setilaiti huleta kosa la karibu mita 90 za kimo. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ambao mabaharia wetu hawauoni kuwa ni kitu, utakupa kosa la mita 900. Upepo wa mashariki au magharibi hauna madhara hayo, maana unalisogeza wingu kando ya njia na huo mwendo unaonekana wazi kuwa ni upepo. Ni pepo za msimu hasa, zile zilizoleta majahazi, ndizo zinazochanganya hesabu.

Je, vinatenganishwaje? Kama dunia ingekuwa bapa, visingetenganishika. Mwendo wa upepo hukua sawasawa na muda, na mhamo wa kimo nao ungekua sawasawa na muda, na hapana hesabu ingeweza kujua hiki ni kipi. Lakini dunia ni mviringo. Kamera zinazotazama mbali kabisa, zile za nyuzi 60 na 70, hulitazama wingu kupitia mbonyeo wa dunia, na kwa hizo mhamo wa kimo hauendi tena sambamba na saa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoutoa upepo peke yake na kimo peke yake. Kwa hiyo MISR ilikuja na zawadi ya ziada: pamoja na vimo, inatoa mwendo wa upepo katika kimo cha wingu, hata juu ya bahari ambako hakuna mtu wala mlingoti wa kupimia.

Kukua

Hadi sasa nimezungumza kama kwamba wingu ni kitu kinachohama tu. Wingu la mvua linapanda pia, na kupanda huko ndiko wanakotaka kukujua zaidi watabiri. Maji yakinyanyuliwa kupita kimo cha kuganda, ambacho kwetu ni karibu kilomita 5, barafu inaanza kuumbika, chembe zinagongana, chaji za umeme zinatengana, na radi iko njiani. Wingu lililopanda kilomita 5 kwa dakika 20 na wingu lililokaa vilevile muda huo yaweza kuwa na kilele sawa katika picha moja. Hatari yake si sawa.

Kwa setilaiti zilizotulia, kukua hupimwa kwa kurudia jozi ya picha kila dakika 10 au 15 na kuangalia kimo kinabadilikaje. Yafaa kwa dhoruba kubwa. Kwa wingu changa ni mwendo wa kobe, maana maisha yake yote yaweza kuwa nusu saa. Kwa MISR, kukua huingia katika hesabu kama mgeni asiyealikwa: wingu linalopanda mita 5 kwa sekunde litakuwa limeongeza kimo kwa kilomita 2 baina ya kamera ya kwanza na ya mwisho, na umbo la kilele kilichotazamwa mwanzo si lile la mwisho.

Dawa ni kuwa na macho mawili yanayotazama kwa wakati mmoja, karibu na wingu, tena kwa kurudiarudia. Ndilo wazo la mradi wa Ufaransa na Israel unaoitwa C3IEL: setilaiti ndogo zinazofuatana katika njia moja, zote zikilikazia macho kundi moja la mawingu kwa kipindi cha sekunde 200 hivi, na picha zenye pikseli za karibu mita 20. Kila jozi ya picha inatoa umbo la wingu kama ngozi yenye vilima na mabonde. Jozi inayofuata inatoa ngozi ya baadaye kidogo. Tofauti yao ni kasi ya kukua, sehemu kwa sehemu. Kwa mita 20 unaweza kuona kila tundu la lile umbo la koliflawa likichomoza. Kuna pia mradi wa CloudCT wa Israel na Ujerumani, wenye setilaiti 10 ndogo, ambao wataka kuona ndani ya wingu kwa kulitazama kutoka pembe nyingi, kama hospitali inavyopiga picha za mwili vipande vipande. NASA nayo mwaka 2021 ilichagua mradi wa INCUS, wenye setilaiti 3 zinazofuatana kwa karibu, ila hizo zitatumia rada badala ya kamera ili kupima hewa inayopanda ndani ya dhoruba.

Pale inapokwama

Njia hii ina udhaifu wake na si vizuri kuuficha. Mwanga wa kawaida unahitaji jua, kwa hiyo kamera kali zote hulala usiku. Terra kwa miaka mingi ilipita kwetu asubuhi, karibu saa nne na nusu, na ukanda wa MISR ni mwembamba kiasi kwamba karibu na ikweta sehemu moja huweza kungoja hadi siku 9. Mvua ya alfajiri imekwisha, dhoruba ya alasiri haijaanza. Kompyuta nayo inahitaji alama za kushika: ukingo, tundu, kivuli. Wingu lililotandazwa kama shuka jeupe halina alama, na kulinganisha picha mbili za shuka jeupe ni kazi bure. Mawingu membamba ya juu hupenywa na kamera, ikashika wingu la chini yake. Mahali ambapo joto lilikosea kwa namna moja, macho mawili hukosea kwa namna nyingine, ndiyo maana wenye busara hutumia yote. Kulikuwa pia na leza ya setilaiti CALIPSO, iliyofanya kazi kuanzia 2006 hadi 2023, ikipima vimo kwa mpigo wa mwanga, sahihi sana lakini kwa mstari mwembamba kama uzi. Hiyo ilitumika kuwakosoa wenzake.

Kuna kisa kimoja cha tahadhari. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Auckland, wakiongozwa na Roger Davies, walitangaza kwamba kwa miaka 10 ya MISR, wastani wa kimo cha mawingu ya dunia nzima ulishuka kwa mita 30 hadi 40. Habari ilizunguka ulimwengu, kwa sababu mawingu yakishuka, dunia hupoteza joto kwa urahisi zaidi, na watu walitaka kuamini. Watafiti haohao waliendelea kupima. Baada ya miaka 15 ya kumbukumbu na masahihisho ya vipimo, mwelekeo wa dunia nzima haukuonekana tena. Kilichobaki wazi ni kupanda na kushuka kwa mawingu kufuata El Niño na La Niña. Mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa tangazo la kwanza.

Na sisi huku

Pwani yetu inatazamwa na setilaiti mbili zilizotulia, kila robo saa au chini yake, usiku na mchana, kwa pembe zinazofaa kabisa kwa hesabu hii. Idara ya hali ya hewa hupokea picha za Meteosat. Kumbukumbu za picha hizo EUMETSAT huwapa bure wanaojiandikisha, na za MISR hutolewa bure na NASA. Kinachotakiwa ni kompyuta ya wastani, mtu anayejua kuandika programu, na mtu anayejua mawingu ya hapa. Tuna Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kwa maoni yangu, mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti angeweza kuanza na jambo dogo lenye manufaa: achukue siku za mvua za Mei, mwezi wetu mkubwa wa mvua, alinganishe vimo vinavyotokana na joto na vile vya macho mawili kwa mawingu yaliyo baina ya Shimoni na Ngomeni, kisha avipange kando ya vipimo vya mvua vya ardhini. Hapo tutajua ni mara ngapi mawingu yetu mafupi yananyesha bila kuhesabiwa.

Kwa asiye mwanafunzi, ipo njia rahisi. Ukipewa picha ya setilaiti, uliza kwanza imepigwa kutoka wapi. Ikiwa ni ya nyuzi 0, yavute mawingu makubwa kilomita kama 15 kuelekea bara kabla ya kuamua chochote. Ikiwa ni ya Bahari ya Hindi, yaache karibu na yalipo, yasogeze kilomita 2 upande wa bahari. Mawingu madogo usiyaguse.